Mashuka ya Rafu ya Juu

Siku hizi shuka la hospitali likichanika linatupwa, na aliyelitupa hageuki nyuma. Zamani haikuwa hivyo. Nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha dobi na stoo ya vitanda vibovu, palikuwa na chumba kimoja chenye madirisha mawili makubwa, na humo wanawake waliostaafu walikuwa wakikutana kila Jumanne na Ijumaa kushona yaliyochanika. Bure kabisa. Hakuna aliyewaita wala kuwaandika kazi, walijitolea tu. Na mwaka huu ninaousimulia, katikati ya wanawake hao akaingia mwanamume mmoja, mzee mwembamba, futikamba shingoni, amevaa suruali ya kahawia ambayo pindo la mguu wa kushoto limeshuka vidole viwili.

Fundi cherehani, halafu pindo limeshuka! Watu wana macho jamani, na wana midomo pia. Lakini tutafika huko, msinikimbize.

Tumwite Fundi, maana ndivyo alivyoitwa maisha yake yote, hata na mkewe. Alikuwa na duka la ushonaji katika mji mwingine, safari ya siku nzima kutoka hapa. Wala halikuwa duka la kujivunia. Chumba kimoja, mlango wa mbao unaolia ukiufungua, na cherehani mbili zilizotazamana chini ya dirisha, moja yake na moja ya mkewe, ingawa mama yule cherehani yake aliigeuza meza ya chai. Kazi yake yeye ilikuwa ya mkono: vifungo, matundu ya vifungo, na pindo. Hasa pindo. Sare za shule, suti za maharusi, mapazia ya ofisini, vyote vilipita mapajani mwake kabla ya kutoka mlangoni, na Fundi hakumbuki hata mteja mmoja aliyerudi kusema pindo limeachia.

Kugombana waligombana, tusidanganyane. Na kwa miaka thelathini na minne waligombania jambo moja. Mama yule akishona pindo, kila akifika mshono wa saba anarudi nyuma mshono mmoja, ndipo anaendelea. Saba, nyuma. Saba, nyuma.

"Mama, unanimalizia uzi," Fundi alikuwa akilalamika.

"Uzi wako?"

"Wetu."

"Haya, nusu yangu naitumia ninavyotaka. Wewe hangaika na yako."

Kisha wanacheka, chai inamiminwa, na kazi inaendelea. Mvua ikipiga bati walikuwa hawasikilizani, basi wanaongea kwa nyusi tu: nipe chaki, angalia mteja yule, kola imekwenda kombo. Fundi alikuwa akiamini kwamba hayo ndiyo maisha na kwamba hayana mwisho. Mtu akiwa ndani ya raha yake, nani atamwambia?

Mkewe aliumwa wiki tatu tu. Wiki ya kwanza alikuwa bado anajikalisha kitandani, na kwa kuwa hakuweza kukaa mikono mitupu, akaomba apewe kazi. Fundi akampa suruali yake mwenyewe ya kahawia aliyokuwa ameikata siku hizo. Mama akaipiga pindo miguu yote miwili, akaikunja, akasema, "Chukua, usije ukasema nimekuacha uchi." Ndiyo kazi ya mwisho iliyotoka mikononi mwake.

Mwaka ulipopita binti yao, ambaye ni karani wa mapokezi katika hospitali hii, akamfuata. "Baba, huwezi kukaa peke yako unaongea na cherehani. Njoo ukae kwangu."

"Nitakuja mwezi mmoja."

"Baba!"

"Mwezi mmoja, mama. Nikishindwa kuzoea narudi kwangu."

Siku ya safari, wakati anapanda basi, mguu wa suruali ya kahawia ukanasa kwenye ngazi, na pindo likafumuka nusu. Fundi aliutazama ule uzi unaning'inia. Mtu ambaye ameshona pindo elfu na elfu angelirudisha kwa dakika tano, tena macho yamefumba. Hakuligusa. Hofu yake ilikuwa hii: akilishona yeye litakuwa pindo lake, na la mkewe litakuwa limekwisha. Basi akawa anatembea hivyohivyo, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, na binti yake akinyoosha mkono na sindano, Fundi anasema, "Liache."

Nyumbani kwa binti alipewa chumba kizuri, chenye kabati. Kabati likabaki tupu. Begi lilikaa chini ya kitanda, nguo zinatoka ndani ya begi na kurudi ndani ya begi, na ufunguo wa duka haukutoka mfukoni. Binti aliliona hilo begi kila akifagia. Hakutaka baba yake arudi kwenye nyumba ile akafie humo peke yake, mlango ukigunduliwa na majirani. Ndipo akasema, "Baba, kuna kina mama wanajitolea kushona hospitali. Nenda japo ukawachungulie."

Akaenda. Alikuta meza ndefu iliyopakwa rangi ya kijani ikachubuka, cherehani tatu za kukanyaga kwa mguu, rafu za mbao mpaka darini, na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Harufu ile tu ilitosha kumkalisha. Kulikuwa na Matroni, mkuu wa chumba, ambaye aliwahi kuwa muuguzi mkuu wa hospitali hiyohiyo na mpaka sasa madaktari wakimwona wanachomekea mashati. Kulikuwa na Mwalimu, mpole, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka sauti ikamwisha. Na kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye wote walimwita Gazeti, na huyo sina haja ya kueleza kwa nini.

"Karibu, mgeni," alisema Matroni. "Unajua kutia kiraka?"

Fundi akatabasamu. "Kidogo."

"Mguu wako wa kushoto unasema hujui," Gazeti akadakia, na chumba kizima kikacheka.

Fundi alikaa, akafungua kitambaa alichokunjia mkasi wake, mkasi mzito mweusi uliolika mahali pa kidole gumba, akavaa subana ya chuma kidoleni ili sindano isimchome, akaanza kazi. Baada ya nusu saa hata Gazeti alikuwa amenyamaza anatazama. Kiraka cha Fundi ukikipitishia kiganja hukisikii.

Lakini ufundi ni kitu kimoja, na kuwa mtu wa mahali ni kitu kingine. Wiki tatu zikapita na bado walimwita mgeni. Si kwa ubaya. Walikuwa na maneno yao, vicheko vyao vilivyoanza kabla yake, na kila mtu na kiti chake. Siku ya pili alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, watu wakasimama wanamtazama mpaka akahama mwenyewe. Kila jioni alikunja mkasi wake kwenye kitambaa akarudi nao nyumbani, na Gazeti akawa anamtania, "Mgeni, hatuli vyuma humu ndani." Fundi maishani mwake hakuwahi kuuacha mkasi mahali pasipo pake. Ulikuwa ukilala dukani, au alipolala yeye.

Kitu kingine alichokiona ni zile rangi. Kila shuka likimalizika, mshonaji alitia alama ndogo ya uzi kwenye kona ya kulia: Matroni msalaba wa buluu, Gazeti mistari mitatu ya kijani, Mwalimu nukta ya manjano. Fundi alidhani ni alama za wodi, buluu wanaume, kijani wanawake, manjano watoto. Hakuuliza. Nao hawakumweleza, maana jambo ambalo kila mtu analijua hakuna anayekumbuka kulisema.

Ilipofika wiki ya mwisho ya mwezi wake, Fundi alikuwa ameshaamua moyoni. Anarudi. Huko atakuwa mpweke, ndiyo, lakini atakuwa mpweke anayejulikana. Ila hakutaka kuondoka kama mtu aliyepita njia, alitaka kuacha kazi nzuri nyuma yake. Na siku nyingi jicho lake lilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, ambako palikuwa na rundo la mashuka yaliyochanika, yamekunjwa vizuri, yana vumbi, na hakuna aliyeyagusa tangu afike. Akawaza: hawa kina mama wamechoka kupanda ngazi. Ngoja niwafanyie.

Jumatano akamwomba mlinzi ufunguo. Akafanya kazi siku nzima peke yake, na Alhamisi siku nzima. Mashuka ishirini na sita. Yote yalikuwa na viraka vya zamani vilivyochanika tena pembeni, na yote, katika kona ya kushoto, yalikuwa na kitu kama nusu duara cha uzi mwekundu, kimepinda, hakikufunga. Kona ya kushoto, hebu ona. Fundi akasikitika. Hii si alama, akajisemea, hii ni kazi ya mtu aliyeitwa katikati akaondoka. Na kwa mkono uliofundishwa tangu utoto kutoacha uzi wa bure kwenye nguo ya mtu, akachukua wembe akafumua nusu duara la kwanza. Akafumua la pili. Akafumua yote ishirini na sita, akakusanya vijiuzi vyekundu kiganjani, akavitupa dirishani. Kisha akayakunja mashuka kwenye kikapu kikubwa cha dobi, maana kila kilichoshonwa lazima kifuliwe kabla ya kupanda wodini. Akarudi nyumbani anapiga mluzi, jambo ambalo binti yake hakulisikia mwaka mzima.

Jamani, hata mimi ninayesimulia naona haya kwa niaba yake.

Ijumaa asubuhi aliwahi kabla ya wote, akakaa anasubiri kupongezwa. Matroni akaingia, akatundika mkoba, akainua macho kwenye rafu ya juu kama alivyofanya kila siku, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Rafu ilikuwa tupu.

"Mashuka yako wapi?"

"Nimeyamaliza yote, Matroni," Fundi akasema, na bado alikuwa na tabasamu. "Yako kikapuni, tayari kwa dobi."

Matroni akaenda kwenye kikapu. Akatoa shuka la juu, akatafuta kona ya kushoto. Akatoa la pili. Akatoa la tatu. Gazeti na Mwalimu walikuwa wameshaingia, na kwa mara ya kwanza Fundi akamwona Gazeti ameziba mdomo kwa mkono.

"Ulikuwepo uzi mwekundu hapa," Matroni alisema polepole.

"Nimeufumua. Ulikuwa umeachwa katikati..."

Akaishia hapo, kwa sababu aliuona uso wa Matroni.

Matroni hakufoka. Laiti angefoka! Alilikunja shuka, akalirudisha kikapuni, akasema, "Asante kwa kazi, mgeni." Akaenda akakaa kwenye kiti chake, akageukia dirisha.

Ni Mwalimu aliyemvuta Fundi pembeni akamweleza kwa ile sauti yake iliyokwisha. Zile si alama za wodi. Ni alama za watu. Katika chumba hiki, shuka likichanika tena linarudi kwa yuleyule aliyelishona, ndiyo desturi yao tangu mwanzo, ili kila mtu ajue kazi yake inadumu muda gani, na asimtwike mwenzake. Nusu duara jekundu ni la mdogo wake Matroni. Ndiye aliyekianzisha chumba hiki, yeye na dada yake, na cherehani moja. Alifariki mwaka jana. Na mashuka yake yakawa bado yanarudi kutoka wodini, moja moja, yana alama yake, na mwenye alama hayupo. Hakuna aliyeweza kuyachukua. Wakawa wanayaweka juu.

"Hakuacha kitu kingine," Mwalimu alisema. "Hakuwa na mtoto. Hata picha hakupenda kupigwa."

Mama yangu weee. Yeye, katika watu wote! Mwezi mzima anatembea na pindo limeshuka ili asipoteze mkono wa mtu mmoja, halafu kwa mikono yake hiyohiyo amefuta mkono wa mtu mwingine mara ishirini na sita, tena huku anapiga mluzi. Alikunja mkasi kwenye kitambaa. Alichotaka ni kufika nyumbani, kuvuta begi chini ya kitanda, na kupanda basi la kwanza.

Pale mlangoni ndipo kilipokuwa kikapu. Lile shuka alilorudisha Matroni lilikuwa limekunjwa vibaya, na Fundi, fundi ni fundi tu, hakuweza kulipita. Akalichukua ili alikunje sawasawa. Akalinyanyua mbele ya dirisha.

Akasimama.

Nguo haisahau upesi. Uzi ukikaa miaka mahali pamoja unaacha matundu, na chini ya uzi pamba inabaki nyeupe wakati pembeni imegeuka rangi kwa kufuliwa. Kwenye kona ile ya kushoto, mwanga wa jua ukipenya, palikuwa na nusu duara la vitone vidogo vya mwanga. Tundu kwa tundu. Lote lilikuwepo, lilichokosa ni uzi tu.

"Dobi anakuja saa ngapi?" Fundi akauliza kwa sauti kali mpaka Gazeti akashtuka.

"Saa nane. Kwani nini?"

"Maji ya moto yakipita hapa, matundu yanajifunga. Kwisha. Matroni, nipe uzi mwekundu."

Matroni hakugeuka. "Uache. Umefanya ya kutosha."

Hapo Fundi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu, hata binti yake. Aliinua mguu wa kushoto, akauweka juu ya kiti, akaonyesha pindo lililoshuka.

"Mnanicheka kwa hili, na mna haki. Hili pindo alilishona mke wangu akiwa mgonjwa. Hakushona kingine tena. Likafumuka siku nakuja huku, na nimeshindwa kuligusa kwa sababu hiyohiyo iliyokushinda wewe kuyagusa mashuka yale. Ningejua, ningeukata mkono wangu kwanza. Lakini alama haijapotea, Matroni, njoo uone mwenyewe. Nipe uzi. Nikikosa hata tundu moja, nifukuze."

Matroni akainuka taratibu, akaja, akalitazama shuka mbele ya dirisha kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye droo yake, akatoa kijiti chenye uzi mwekundu uliobaki kidogo, akakaa mbele ya Fundi, akatunga sindano. Macho ya Fundi yalikuwa hayalioni tena upesi tundu la sindano. Matroni akamkabidhi ile aliyoitunga.

Ilikuwa saa nne. Fundi akaanza. Sindano ikaingia tundu la kwanza, ikatafuta la pili, na uzi ukawa unalala palepale palipokuwa peupe. Shuka la kwanza lilimchukua robo saa, la tano dakika kumi. Alikuwa anahema kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Matroni alitunga sindano nyingine, na nyingine, akiziweka mezani kwa mpangilio.

Kwenye shuka la tisa Fundi akasema, "Huyu alikuwa mashoto."

Mkono wa Matroni ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Matundu. Yanaingia kwa upande wa pili. Ndiyo maana alama yake ilikaa kona hii. Namfuata kwa mkono wa kulia naona anakataa."

"Alichapwa sana shuleni kwa mkono huo," Matroni alisema. "Hakuuacha. Alikuwa mbishi, we acha tu."

"Na kwa nini hakulifunga duara?"

"Uvivu!" Gazeti akaropoka kutoka kwenye kiti chake, halafu akaogopa. Lakini Matroni alicheka. Alicheka kweli, machozi yakimtoka. "Uvivu mtupu. Alikuwa akisema, mmenielewa, ya nini kumaliza."

Wakaanza kumzungumzia. Mwaka mzima walikuwa hawajamtaja ndani ya chumba kile, wakiogopana, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake, na sasa wakaanza kudakiana maneno: alivyokuwa akiimba vibaya, alivyompaka dobi chaki mgongoni, alivyoficha miwani ya Mwalimu kwenye foronya ikaenda mpaka wodini. Fundi akishona anawasikiliza, na kwa mara ya kwanza aliujua mwanzo wa vicheko vyao.

Yale ya chini kabisa ya kikapu, matatu ya mwisho, matundu yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa makubwa, yameachana, moja limerudiwa mara mbili. Fundi alijua maana yake. Akafikiria kunyamaza, akaona hana haki ya kumficha.

"Hapa alikuwa anaumwa, Matroni. Mkono ulikuwa unatetemeka."

Matroni akalivuta shuka karibu, akapitisha kidole juu ya vitone vile. "Aliniambia ni baridi," alisema. "Mimi muuguzi miaka arobaini. Aliniambia ana baridi nikaamini."

Fundi hakuyanyoosha. Mshono uliotetemeka akauacha utetemeke, uliorudiwa akaurudia.

Saa nane kamili toroli la dobi likasikika linakwaruza sakafu ya kibaraza, na mashuka mawili yalikuwa bado. Gazeti akachupa mlangoni. "Ehee, dobi! Afadhali umekuja, kuna jambo nataka kukuuliza tangu juzi." Sijui alimuuliza nini. Ninachojua ni kwamba yule bwana alisimama pale kibarazani dakika ishirini na tano, anatikisa kichwa, toroli mkononi, na alipoachiliwa mashuka yote ishirini na sita yalikuwa kikapuni, kila moja na nusu duara lake kwenye kona ya kushoto.

Toroli lilipoondoka, Matroni alibaki anakitazama kile kijiti cha uzi, kimebaki kitupu. Kisha akasema, "Na yakichanika tena?"

"Viraka vilivyo juu ni vyangu," Fundi akajibu. "Yarudi kwangu."

Matroni akatikisa kichwa kukubali. Akafungua droo, akachagua uzi wa kahawia, akatunga sindano moja ya mwisho, akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya Fundi. Kisha akautazama mguu wa kushoto wa Fundi.

Fundi akainama, akageuza pindo, akalitafuta tundu la kwanza chini ya mwanga wa dirisha. Lilikuwepo. Akaingiza sindano. La pili, la tatu, yanapishana kidogo kuelekea juu kama alivyokuwa akishona mkewe siku zote. La nne, la tano, la sita, la saba. Mkono wake ukataka kwenda mbele kama ulivyozoea, na mbele hapakuwa na tundu. Lilikuwa nyuma.

"Unanimalizia uzi, mama," akasema taratibu.

Akarudi nyuma mshono mmoja. Kisha akaendelea, saba, nyuma, saba, nyuma, machozi yakimdondokea mkononi, na hakuna aliyemtania.

Alifika nyumbani jua lingali juu. Binti yake alikuwa jikoni anamenya viazi. Kwanza aliona miguu: suruali ya kahawia, miguu yote miwili sawasawa. Akaacha kumenya. Kisha akatazama kwapani mwa baba yake, mahali ambapo kila jioni palikuwa na kile kitambaa kilichokunjwa, akaona hamna kitu.

"Baba, umepoteza mkasi?"

Fundi akavuta kiti, akakaa, akachukua kiazi na kisu.

"Uko kazini," alisema.